Mkaguzi wa Mizani na Mafuta ya Mheshimiwa

Katika soko la Guayacanal, mji wa joto uliojibanza kando ya mto Magdalena kule mkoani Tolima, wachuuzi walikuwa na njia ya kupashana habari iliyoishinda redio. Wa samaki akikohoa mara mbili, wa viazi aliinua kichwa, wa jibini akaifuta mizani yake kwa aproni, na kikohozi kilipofika upande wa nyama, kila jiwe la mizani lilikuwa limeurudia uzito wake wa halali. Maana ya kikohozi hicho ilikuwa moja tu: doña Nohora anakuja.

Nohora Barrero alikuwa mkaguzi wa mizani wa manispaa kwa miaka ishirini na tisa. Mwanamke mfupi, mnene, wa miaka hamsini na sita, mwendo wake wa taratibu, na begani begi la ngozi lenye mawe ya shaba kuanzia gramu tano hadi kilo tano. Mawe hayo aliyapangusa kila Jumatatu kwa kitambaa cha flana, wala hakumruhusu mtu kuyagusa kwa mkono mtupu, hata marehemu mumewe. Mizani iliyodanganya aliibandika karatasi nyekundu: HAIFAI KWA MATUMIZI YA UMMA. Hapo mwenye mizani hata alie machozi ya damu, karatasi haibanduki mpaka mizani itengenezwe. Aliwahi kumbandikia hata dada yake wa tumbo moja, Ubaldina, mpika lechona aliyesifika mji mzima kwa nguruwe wake wa kuokwa, aliyejazwa njegere na nyama yake mwenyewe. (Wali hautiwi. Wanaotia wali ni watu wa mikoa mingine, na Mungu atawahukumu.) Ubaldina hakumsemesha Kwaresima nzima.

Ila mkaguzi huyu alikuwa na kasoro moja. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda mizani. Daktari alipomwambia kwamba sukari yake inapanda, na kwamba ingefaa ajue ana mafuta kiasi gani mwilini, alijibu, "Daktari, mimi hukagua. Sikaguliwi." Akachukua dawa zake akaondoka.

Mwaka huo, mwezi wa Mei, meya wa mji, Mheshimiwa Fermín Lozada, alikwenda mji mkuu, Bogotá, kwenye kongamano la siku mbili. Alirudi na begi la kitambaa lenye nembo, na wazo. Begi halikumdhuru mtu.

Wazo liliitwa Manispaa Nyepesi. Wafanyakazi wote wa mji, kuanzia wafagiaji hadi zimamoto, wangepimwa mafuta ya mwili. Mwanamume atakayezidi asilimia ishirini na tano, au mwanamke atakayezidi thelathini na mbili, hatatembea kwenye gwaride la sikukuu ya San Pedro mwishoni mwa Juni. "Wageni wanapotutazama," alisema meya kwenye ngazi za ofisi, tumbo lake likitangulia maneno, "wasione uzembe. Waone nidhamu!"

Sasa, huko Guayacanal, kumwambia mtu asitembee gwaride la San Pedro ni sawa na kumzuia asimzike mama yake. Watu walinung'unika, lakini hawakupinga. Kila mtu alidhani mnene ni jirani yake.

Wiki iliyofuata alikuja wakala kutoka mjini Ibagué, suti imembana kama soseji, akaleta mashine. Ilikuwa bamba la kioo cheusi lenye vipande viwili vya chuma vya kukanyagia. "Inapitisha umeme mdogo mwilini," alieleza, "umeme ambao hata panzi hausikii. Maji ya mwili huupitisha, mafuta huukataa. Umeme ukikwama, basi mafuta yapo. Kazi imekwisha!" Ikawekwa ukumbini, nyuma ya pazia. Meya akaingia wa kwanza, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, kisha namba ikasomwa kwa sauti: kumi na tisa.

Makofi yalikuwa mengi. Baadhi ya waliopiga walikuwa wakitazamana.

Baada yake akapanda katibu wa itifaki, mwembamba kama mshumaa: kumi na nne. Kisha akapanda Gildardo Oviedo. Huyu alikuwa koplo wa zimamoto na mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa, wa bendi yao, kilo mia moja na nne, shingo kama gogo. Wakati wa mafuriko ndiye aliyembeba mgongoni mama mzazi wa padri pamoja na kiti chake cha kubembea, kwa sababu bibi yule aliapa kwamba bila kiti haondoki. Mashine ikasema thelathini na nne. Jina lake likabandikwa ubaoni kwa wino mwekundu.

Jioni Gildardo alibisha hodi kwa Nohora. Kiti alichokalia kililia.

"Doña Nohora, sikuja kulalamika."

"Umekuja kufanya nini, kunipasulia kiti?"

"Nimepiga tuba San Pedro miaka kumi na saba. Mke wangu tulijuana kwenye gwaride. Sasa wanangu wananiuliza, baba, wewe ni mafuta?" Alijipapasa tumbo. "Mimi nakubali kupimwa. Nataka tu kujua kama ile mashine inasema kweli."

Nohora alimtazama. Katika miaka ishirini na tisa, wachuuzi wengi walikuwa wamemlilia mizani yao ihurumiwe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumlilia mizani ichunguzwe.

"Kesho saa moja asubuhi uwe ukumbini," alisema. "Njoo hujala."

Sheria ya mizani ilimpa mkaguzi haki ya kukagua chombo chochote kinachopimia mbele ya umma, nayo haikusema chombo kipime nini. Basi asubuhi Gildardo akapanda: thelathini na nne. Nohora akamwambia aoshe miguu, apande ikiwa mibichi: ishirini na tisa. Akamruhusu aende mazoezi ya bendi, akarudi saa sita ametoka jasho mpaka soksi: thelathini na saba.

"Kwa hiyo nimenenepa nane kwa kupiga tuba?" Gildardo akauliza.

"Nyamaza. Hapa pembeni kuna kitufe kina picha ya mtu anakimbia. Kibonyeze."

Akabonyeza. Mashine ikafikiri, ikaandika: mwanamichezo, asilimia ishirini na tatu.

Nohora alivaa miwani akasoma kumbukumbu za mashine tangu siku ya kwanza. Katika watu wote waliopimwa mjini, ukimwacha Gildardo wa leo, mmoja tu alikuwa ameandikwa mwanamichezo. Alikuwa wa kwanza kabisa, siku ya uzinduzi, nyuma ya pazia.

Hata hivyo hakutosheka. Mizani ya viazi ukiitilia shaka, unaiwekea jiwe la shaba ambalo uzito wake unajulikana, basi, imeumbuka au imepona. Lakini jiwe la shaba la mafuta ya mtu liko wapi? Nani aliye hai ambaye mafuta yake yanajulikana kwa hakika? Alikwenda na swali hilo kwa dada yake, akamkuta Ubaldina akinoa kisu.

"We Nohora, unasumbuka bure," Ubaldina alisema. "Mafuta ya mtu huwezi kuyajua mpaka umchinje, umchune, uyayeyushe, uyapime. Na padri hatakubali."

Wote wawili wakageuza shingo kuelekea bandani, ambako nguruwe wa Jumapili alikuwa akikoroma.

Kumpandisha nguruwe kwenye kioo kulihitaji watu wanne na ndizi nyingi. Mashine iliuliza urefu, wakaupima kwa futi ya fundi cherehani. Iliuliza jinsia, wakajibu. Iliuliza umri, wakajaza miaka kumi, kwa kuwa chini ya hapo ilikataa. Kwato mbili za nyuma zikaloweshwa, zikakanyaga chuma, na za mbele zikashikwa juu na Gildardo kama watu wanaocheza dansi. Mashine ikatoa jibu bila haya: asilimia kumi na nane.

"Mungu wangu," Ubaldina akasema. "Anafaa zimamoto!"

Ijumaa nguruwe akachinjwa kama alivyokuwa amepangiwa. Ubaldina alikwangua shahamu yote kwenye ngozi na nyama, akaiyeyusha kwenye sufuria kubwa, na Nohora akaipima kwa mizani aliyoikagua mwenyewe. Nguruwe alikuwa na kilo tisini na tano. Mafuta yalitoka kilo thelathini na moja, karibu theluthi nzima, na bado nyama iling'aa.

Jumatatu Nohora alisimama mbele ya baraza la mji. Hakuwa msemaji. Alisoma ripoti yake kama anavyosoma uzito wa vitunguu, mstari kwa mstari: miguu mikavu, miguu mibichi, jasho, nguruwe. Kitufe alikiacha mwisho. Kisha akatoa karatasi nyekundu begini, akailamba gundi, akaibandika katikati ya kioo cheusi.

Meya alikuwa mwekundu kuliko karatasi. "Doña Nohora! Unathubutu kunilinganisha mimi na nguruwe?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nguruwe hakubonyeza kitufe."

Kicheko kilianzia viti vya nyuma, kikaja mbele, kikamtoka hata katibu wa itifaki kabla hajawahi kukizuia. Meya aligonga meza.

"Kuharibu ni rahisi! Basi lete wewe njia ya kweli ya kupima. Nakupa siku kumi. Ukishindwa, utalitangulia gwaride la San Pedro umejitwika mashine hii kichwani!"

Nohora alirudi nyumbani. Alijua kuumbua uongo. Kuutafuta ukweli ilikuwa kazi nyingine, na hakuna aliyewahi kumwajiri kwa hiyo.

Alianza na Yamile, muuguzi wa zahanati, binti mwenye akili nyingi na subira kidogo. Yamile alikuwa na koleo la kubania ngozi: unabana nyama ya mkono, ya tumbo, ya paja, unasoma unene, unapiga hesabu. Akambana Gildardo akapata ishirini na sita. Nohora akambana palepale, ishirini na moja. Ubaldina, aliyekuwa amekuja kuangalia tu, akalichukua koleo akapata thelathini na moja.

"Huyu anabana kama anachagua nguruwe," Gildardo alilalamika, akisugua alama za zambarau tumboni.

"Koleo ni zuri," Yamile alisema kwa aibu. "Mikono ndiyo mibaya."

"Mizani inayobadilika kwa kila mkono tunaiitaje sokoni?" Nohora akauliza, akajijibu mwenyewe. "Ya wizi."

Zikapita siku nne. Nohora hakulala vizuri, akala sana, kama alivyozoea akiwa na wasiwasi. Siku ya tano Yamile alikuja mbio na daftari lake la chuoni.

"Doña Nohora, ipo njia ya zamani. Mtu anapimwa nchi kavu, halafu anapimwa tena amezama majini. Mafuta yanaelea, nyama na mifupa inazama. Mwenye mafuta mengi anakuwa mwepesi majini. Hesabu hii hapa. Ila lazima atoe pumzi yote, maana hewa ya mapafu inamwinua, na ile kidogo isiyotoka tunaikadiria."

Nohora aliisoma hesabu mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu Mei, alicheka. Ilikuwa mizani tu! Hapakuwa na umeme wala pazia, wala kitufe cha mtu anayekimbia.

Kituo cha zimamoto kilikuwa na tangi la saruji la kujazia magari. Juu yake wakalaza ngazi, kwenye ngazi wakaning'iniza mizani ya ndoano ya kupimia magunia, na kwenye ndoano kiti cha plastiki kilichofungiwa mawe ya shaba chini ili kisielee. Gildardo alikaa, akavuta pumzi, akaitoa yote kama anamalizia wimbo, akazama. Mshale ulicheza, ukatulia. Baada ya kutoa uzito wa kiti na mawe: kilo tatu na gramu mia tatu. Akaibuka, akapumzika, akarudia. Tatu na mia mbili. Akarudia tena. Tatu na mia tatu.

Nohora aliinama kama anayekaza kamba ya kiatu, ingawa alivaa makubazi. Yamile aliona machozi, akajifanya hajaona. Mara tatu, na jibu lilikuwa lilelile kasoro gramu chache.

Hesabu ilitoa asilimia ishirini na mbili. Gildardo aliruka nje ya tangi akamkumbatia kila aliyekuwa karibu, wote wakalowa. Katibu wa itifaki, aliyekuja na kumi na nne yake kwa kiburi, alitoka na ishirini na nane. "Lakini mimi ni mwembamba!" alipiga kelele. "Ni mwembamba, ndiyo," Yamile alimjibu. "Mwembamba mwenye mafuta. Nyanyua hata kitu kimoja kizito maishani mwako."

Siku ya kumi nusu ya mji ilikuwa imeuzunguka ukuta wa kituo, na wachuuzi wa barafu wakifanya biashara. Meya hakuwa na njia ya kukwepa. Alifika na bukta yenye nembo ya manispaa na hotuba fupi, ambayo haikuwa fupi. Akakalishwa kitini, akazamishwa, na papo hapo akaibuka pamoja na kiti, mawe na heshima yake yote.

"Toa pumzi, Mheshimiwa," Nohora alisema.

"Nimetoa!"

"Anayesema hajatoa."

Akazamishwa tena. Akaelea tena, amefumba macho, mashavu yamevimba. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na kilichokuwa kikielea pale kiliundwa kwa miaka ishirini ya mialiko. "Mheshimiwa, achia!" wakapaza sauti wanawake wa sokoni. "Hata pumzi hataki kuwapa wananchi!" akasema mmoja, na ukuta mzima ukaangua kicheko. Mara ya tano, labda kwa uchovu, labda kwa kuona aibu imeshapita kiasi cha kuogopwa, meya aliachia. Mapovu yalitoka kama ya sufuria ya maharage. Mshale ukatulia.

Nohora alipiga hesabu mara mbili, akamwendea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Thelathini na saba, Mheshimiwa. Zaidi au pungufu ya tatu, kwa ajili ya hewa."

Meya, taulo mabegani, alidaka maneno ya mwisho. "Kwa hiyo inaweza kuwa thelathini na nne!"

"Au arobaini."

Meya alijifuta maji usoni. Bila koti na bila wasaidizi alionekana mtu wa kawaida, mwenye baridi. "Baba yangu alikufa kwa moyo," alisema, bila kumtazama. "Akiwa na umri kama wangu huu."

Nohora alimfunga taulo vizuri.

Katika ripoti yake aliandika kwamba njia ya maji ndiyo aliyoiona ya kuaminika kuliko zote alizozijaribu, lakini hata hiyo ina makosa yake, na kwamba hajaona kipimo chenye uhakika wa kutosha kumwondoa mtu kwenye gwaride. Siku mbili baadaye ilitoka taarifa rasmi: baada ya utafiti wa kina wa kisayansi ulioongozwa na Mheshimiwa Meya binafsi, wafanyakazi wote watatembea San Pedro. Watu waliisoma, wakacheka, wakaenda kunyoosha sare zao. Gildardo alilipiga tuba lake siku ile mpaka mbwa wa mtaa wa juu wakahama.

Ila jioni ileile ya tangi, watu walipokwisha kutawanyika na jua bado likiwa juu ya mto, Nohora alikuwa amebaki akifungua mawe yake kutoka kwenye kiti. Alifungua moja, la pili, kisha akasimama.

"Yamile," alisema. "Funga mlango wa kituo."

Aliyarudisha mawe mawili kitini, akaingia na gauni lake la pamba. Maji yalikuwa vuguvugu. Kwa miaka mingi alikuwa ameubeba mwili ule bila kuutazama, kama anavyobeba begi, na sasa aliishika pumzi yake kama meya alivyoishika yake. Alifikiria wachuuzi wote waliosimama mbele yake wakitetemeka, mikono kwenye aproni, naye asiwahurumie hata siku moja. Akatoa pumzi, akazama. Kule chini kulikuwa kimya kabisa.

"Ngapi?" aliuliza alipoibuka.

Yamile alipiga hesabu, akairudia. "Arobaini na moja, mama."

"Pima tena."

Walipima mara tatu. Ilikuwa arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na moja. Nohora alikaa ukingoni mwa tangi, maji yakimchuruzika. Alitazamia kulia, lakini kilichomjia ni kitu kama njaa ya kujua zaidi. Alimwambia Yamile aandike namba zote tatu, na tarehe.

Alistaafu Desemba. Daktari alifurahi kupata mgonjwa aliyekuja mwenyewe na hesabu zake, akampangia chakula na matembezi, na tangu hapo kila asubuhi Nohora na Yamile walitembea mpaka darajani na kurudi, wakigombana njia nzima kuhusu wanasiasa. Lechona aliendelea kula Jumapili, sahani ndogo, na Ubaldina alimtukana kila alipoikataa ya pili.

Mwaka uliofuata, kabla ya San Pedro, alirudi kwenye tangi. Safari hii ilitoka thelathini na sita. Gildardo alishangilia, lakini Nohora alimkatiza: tofauti ya tano ni ndogo, inaweza kuwa makosa ya hewa tu, na mtu mwaminifu hawezi kuapa kwamba ni kweli. Kisha akakiri kwamba sketi zake mbili alikuwa amezipeleka kwa fundi zipunguzwe kiunoni, na ya tatu ilikuwa imemdondoka sokoni, mbele ya wauza samaki, ambao safari hiyo hawakukohoa hata kidogo; walicheka.